Mlevi Atibiwe Mtaani, Kabla ya Mirembe

Wewe unayesoma hapa Kikuyu, Dodoma, na wewe wa Chang'ombe, na wewe wa Nkuhungu, tuache kudanganyana. Nyumbani kwako kuna mtu ambaye pombe imemshinda. Kama si mumeo, ni kaka yako. Kama si kaka yako, ni binti uliyemsomesha kwa jasho. Unamjua. Na mimi ninamjua wangu.

Umemfanyia nini? Umemsema. Umemnunia. Umemwita chapombe mbele ya watoto wake. Umempeleka kwenye maombi, akaapa mbele ya watu, akarudia. Umemfungia mlango, akalala barazani kwenye baridi ya Juni, na baridi ya Juni ya Dodoma unaijua.

Lakini umemtibu lini?

Usiniambie hatibiki. Ulevi uliokomaa ni ugonjwa, una dawa zake, una wataalamu wake, una utaratibu wake. Tena wagonjwa wengi wa aina hii hawahitaji kulazwa. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji mahali pa kwenda mara moja kwa wiki, akahojiwa, akapimwa, akapewa dawa, akarudi kulala kwake na kesho akaenda kazini. Mahali hapo pako wapi mtaani kwako?

Nenda leo kwenye zahanati iliyo karibu nawe. Soma ratiba iliyobandikwa ukutani. Utaona siku ya wajawazito. Utaona siku ya chanjo. Utaona uzazi wa mpango. Sasa tafuta siku ya mtu anayetaka kuacha pombe. Tafuta vizuri.

Nikueleze kinachotokea, maana wengi tunakipita kila asubuhi na hatukioni.

Saa moja asubuhi fundi uashi anatoka nyumbani na mfuko wa vifaa. Mkono unamtetemeka hata kamba ya kunyooshea ukuta haishikiki. Hajaanza kazi, anapitia kwanza kilabuni kuzimua. Mama anachota wanzuki kwenye ndoo, anampa kopo. Fundi analishika kwa mikono miwili, kwa sababu akilishika kwa mmoja litamwagika. Anakunywa bila kuongea na mtu. Baada ya muda mikono inatulia. Sasa anaweza kushika mwiko, na ukuta unanyooka.

Mpita njia anatikisa kichwa: asubuhi yote hii! Hajui kwamba yule hanywi ili alewe. Anakunywa ili aweze kufanya kazi. Mwili wake umeshafika mahali ambapo bila pombe hausimami.

Sasa siku moja fundi huyo huyo anachoka kudharauliwa. Anaapa. Anaacha ghafla, peke yake, kiume, kama tulivyomwambia siku zote: acha tu! Siku ya kwanza anatoka jasho, anatapika, halali. Ya pili anaanguka kifafa, na hajawahi kuwa na kifafa maishani. Ya tatu anaona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo chumbani.

Ndugu wanasemaje? Amerogwa. Ana mapepo. Inatafutwa kamba.

Hajarogwa. Huo ni mwili uliozoea pombe na umenyang'anywa kwa siku moja. Kila aliyesomea utabibu anaufahamu ugonjwa huo, na anajua unaweza kuua. Anajua pia kwamba wagonjwa wakiwahiwa, diazepamu kwa siku chache, vitamini B1, maji na mtu wa kuwaangalia vinawavusha salama wengi wao. Aliyewahi kuanguka kifafa anahitaji kitanda na uangalizi wa karibu, huyo asiachwe nyumbani. Lakini nani atawatofautisha hao wawili kama hakuna hata aliyewauliza wanakunywa kiasi gani?

Nimewahi kumsindikiza mtu wa namna hiyo kwenye kituo kimoja cha tiba, sitakitaja. Alitundikiwa dripu. Ilipoisha akaambiwa, "Mzee, acha pombe." Kwisha. Hakuna dawa, hakuna tarehe ya kurudi, hakuna jina lililoandikwa popote. Mgonjwa wa kisukari angeambiwa, "Mzee, acha sukari," akafukuzwa, si tungeandamana?

Utaniambia Mirembe ipo. Ndiyo, ipo, tangu mwaka 1927, na leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Wataalamu wapo na wagonjwa wa kutwa wanapokelewa. Lakini wewe mwenyewe umelifanyia nini jina la Mirembe? Umeligeuza tusi. Nchi nzima, mtu akibishana na mwenzake anamwambia apelekwe Mirembe. Nani mwenye kazi yake na heshima yake atapita lango lile mchana kweupe akasema amekuja kwa ajili ya pombe? Anajificha mpaka anachanganyikiwa, kisha analetwa amefungwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi ndio tuliomfundisha kuficha.

Na usiniambie kwamba tiba ya mtu kwenda na kurudi haiwezekani Tanzania. Inawezekana. Imeshafanyika. Iko Dodoma hii hii!

Februari 2011, Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watu walionaswa na heroini, huduma ya kwanza ya umma ya aina hiyo Afrika bara kusini mwa Sahara. Leo methadoni inatolewa Mbeya, Mwanza, Tanga, Zanzibar, na hapa kwetu Itega, chini ya Mirembe. Inatolewa bure. Mtu anafika dirishani, anatambuliwa, anapimiwa dozi yake kwenye kikombe, anaimeza palepale, anatamka neno ili ijulikane imeshuka. Anaondoka. Halazwi, hafungwi, hatukanwi. Kesho anarudi. Kijana aliyekuwa akiamka na arosto na kutafuta cha kuiba ili apate kete, leo anaamka na kujua aende wapi. Wapo waliorudi kwa wake zao. Wapo waliorudi kwenye ufundi wao.

Naishangilia kazi hiyo kwa moyo wote, na asije mtu akaigusa. Methadoni haitibu pombe, kila mtu ajue hivyo. Lakini utaratibu wake ndio huo huo: njoo, tibiwa, rudi kwako, njoo tena. Kama tumeuweza kwa heroini, ambayo wengi walisema haina matumaini, kwa nini hatuuwezi kwa pombe?

Nitakujibu. Kwa sababu pombe haina mwenyewe.

Dawa za kulevya zina sheria ya mwaka 2015, zina Mamlaka, zina Kamishna Jenerali, zina taarifa kila mwaka. Pombe ina Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na sheria hiyo inahangaika na leseni: nani auze, wapi, saa ngapi. Anayeuza anajulikana kwa jina. Anayekufa hajulikani.

Na wanaokufa ni wengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2024: katika mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, na dawa za kulevya laki 6. Soma tena tarakimu hizo. Kisha niambie, kati ya pombe na dawa za kulevya, ni ipi inayotutia hofu tukiona inauzwa karibu na shule, na ipi tunaipeleka kwenye harusi, kwenye kipaimara na kwenye matanga.

Machi 1, 2017 viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, vilikuwa vinamaliza vijana. Lakini yule kijana aliyekuwa na viroba mfukoni tangu asubuhi, Machi 2 alipelekwa wapi? Alipewa nini cha kumshikilia? Hakupewa kitu. Alihamia gongo. Kila mara tunafanya hivyo hivyo. Askari wanakamata mitambo ya gongo, wanamwaga mapipa, wapiga picha wanapiga, sisi tunapiga makofi, na mnywaji anatutazama akitetemeka. Tunahangaika na chupa. Mtu tunamwacha.

Wala sitaki kumwona mtu akiwageukia akina mama wa vilabuni. Wengi wao wanalipa ada za watoto kwa ndoo hiyo hiyo, na wengine walianza kwa kuonja wakaishia kunywa. Hao ndio wanaojificha kuliko wote, kwa sababu mwanamume mlevi anachekwa lakini mwanamke mlevi anatengwa, ananyang'anywa watoto.

Wataalamu hatuna, bajeti hatuna? Moshi, pale hospitali ya KCMC, waliipa kazi hii jina la Kiswahili: Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Majeruhi alifika idara ya dharura, akaulizwa maswali kumi ya kupima unywaji, kisha muuguzi akakaa naye kwa mazungumzo mafupi, bila kumhukumu. Muuguzi! Si bingwa aliyetoka ng'ambo. Eldoret, Kenya, washauri wa kawaida ambao si madaktari walifundishwa kuendesha vikao vya kila wiki, wiki 6, kwa wagonjwa wa VVU waliokuwa wanakunywa kupindukia. Watu walitoka majumbani mwao, wakahudhuria, wakarudi majumbani mwao. Unywaji ukapungua. Utafiti wao uliandikwa tangu mwaka 2011.

Kwa hiyo tusidanganywe kwamba lazima tungoje jengo la ghorofa. Kituo cha afya kinaweza kuanza na chumba kimoja na meza, alasiri moja kwa wiki. Tabibu mmoja aliyefundishwa. Muuguzi mmoja. Mshauri mmoja, ikiwezekana mtu aliyewahi kunywa akaacha, kwa sababu huyo hadanganyiki. Daftari la majina, na simu ya kumtafuta aliyekosa kuja. Dawa za kumvusha siku za mwanzo. Dawa kama naltreksoni, za kupunguza hamu, ziwepo kwenye bohari zetu na si kwa mwenye fedha peke yake. Na mke aitwe, mama aitwe, wafundishwe namna ya kuishi naye bila kumtukana wala kumlipia deni la kilabuni.

Atarudia kunywa? Wengine watarudia. Mwenye shinikizo la damu naye hurudia chumvi, na hatumfutii kadi yake.

Fedha? Kila chupa ya bia inayofunguliwa kuanzia Majengo hadi Kisasa imeshalipiwa ushuru wa bidhaa. Serikali inakula kwenye kila chupa. Basi irudishe sehemu ndogo tu ya fedha hiyo imtibu aliyeumia kwa chupa hiyo. Je, ni dhambi kudai hivyo? Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Umemuuliza mbunge wako kama mlevi wa nyumbani kwako atatibiwa kwa bima hiyo? Hujamuuliza. Anapita kila siku hapa, Bunge liko mjini kwetu, na hujamuuliza!

Mji huu umekua. Tangu Serikali ihamie, mafundi wamekuja kwa maelfu, bodaboda wamejaa, baa zinafunguliwa mtaa kwa mtaa, wanafunzi wa vyuo wanakunywa wikiendi hadi Jumatatu. Barabara tumeidai tukapata. Maji tunayadai kila siku. Kwa nini hili tunalionea haya? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kujenga ni huu: yatima, vibarua waliodondoka kwenye majukwaa ya ujenzi, madereva wa bodaboda walioingia chini ya malori, wazee wa miaka 40.

Wewe unayesema ni uamuzi wake mwenyewe, nakusikia. Alianza kwa uamuzi, kweli. Lakini mtazame saa moja asubuhi na kopo lake mikononi, kisha uniambie anaamua nini pale.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Usiende kusikiliza habari za takataka na kuondoka. Simama, na diwani akiwepo mwulize yeye, asipokuwepo mwulize mwenyekiti, na jibu liandikwe kwenye muhtasari: kliniki ya pombe Kikuyu inafunguliwa lini, siku gani ya wiki, na nani atakaa kwenye ile meza? Wakikwambia suala limepokelewa, usikae chini. Uliza tena.