Kitambulisho cha mwanao hakitamlipia mama hospitali

Mama mmoja ambaye nimemtibu shinikizo la damu na kisukari kwa miaka tisa aliingia katika zahanati yangu hivi majuzi akiwa na bahasha mkononi na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu mumewe alipofariki. Mwanawe wa pili alipata kadi ya kijani kwa bahati nasibu, akaenda Marekani, akajiunga na jeshi la huko. Sasa amehamishiwa kambi ya Schofield Barracks katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, na amemwalika mama yake. Visa imetoka, tiketi imelipwa, na hoteli ya ufuoni imekwisha kuwekwa: mama, mwana, mke wa mwana na wajukuu wawili, juma zima kando ya bahari kwa bei ambayo raia wa kawaida haipati.

"Daktari," akaniambia, "nimekuja tu uniandikie dawa za miezi miwili. Sitakusumbua."

Nilimwuliza ni nani atakayelipa akiugua huko. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Si mwanangu yuko jeshini? Jeshi lina hospitali yake."

Msomaji mpenzi, jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Nimelisikia zaidi ya mara moja, na kila mara kutoka kwa watu waliosoma na wenye busara zao. Familia hukaa miezi mitatu ikipanga chumba na tiketi. Mwili utakaolala katika chumba hicho hukumbukwa siku mbili kabla ya kwenda uwanja wa ndege.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, kwa maana halina ubaya wowote. Jeshi la Marekani lina nyumba zake za mapumziko, na Hawaii ni mahali palipobarikiwa kwa hizo. Inayojulikana zaidi ni Hale Koa, hoteli iliyofunguliwa mwaka wa 1975 pale Fort DeRussy, kwenye ufuo wa Waikiki. Jina lake kwa lugha ya wenyeji ni "nyumba ya shujaa wa vita". Bei ya chumba hufuata cheo cha askari, hivi kwamba yule wa cheo cha chini hulipa pungufu. Wapo pia wanaopendelea nyumba ndogo za ufuoni za Bellows, upande wa Waimanalo, au za Pililaau kule Waianae, ambako mnajipikia wenyewe na kuota moto jioni. Askari akiwa na haki ya kukaa huko, anaweza kuwaleta jamaa zake kama wageni wake. (Kwa Bellows kuna lango la kijeshi, na mgeni asiye raia wa Marekani asifike hapo kwa kubahatisha. Mwana na aulize mapema hati zinazotakiwa.) Kwa mzazi aliyemlea mtoto kwa mshahara wa ualimu, kulala mahali kama hapo ni heshima, nami siwezi kumzuia mtu heshima yake.

Lakini kitambulisho kinachofungua mlango wa hoteli hakifungui mlango wa hospitali. Bima ya afya ya wanajeshi, iitwayo TRICARE, ni ya askari, mkewe au mumewe, na watoto wao. Mzazi aliyekuja kutembea kwa visa ya wageni hayumo. Upo utaratibu wa mzazi anayemtegemea askari kwa kila kitu na aliyeandikishwa rasmi, ambaye anaweza kupokewa katika hospitali ya jeshi nafasi ikipatikana. Mgeni wa miezi miwili si mtu huyo. Lile jengo kubwa la rangi ya waridi linaloonekana mlimani juu ya Honolulu, hospitali ya jeshi ya Tripler, mama ataliona kwa dirisha la gari na kulipiga picha.

Nasi tusijidanganye kwamba bima yetu itavuka bahari. SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024, haikuundwa ili kulipia mshtuko wa moyo uliompata mtalii Waikiki. Tena ubalozi wa Marekani haumdai mwombaji wa visa ya matembezi bima ya matibabu, kwa hiyo hakuna afisa yeyote atakayemkumbusha. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1986 inazitaka idara za dharura za hospitali zimpime na kumtuliza mgonjwa wa hatari hata kama hana senti. Watu husikia hilo wakadhani ni bure. Ankara huja baadaye kwa posta, na siku chache za kulazwa zaweza kumeza akiba ya miaka. Nimechangia michango ya namna hiyo, na yamkini wewe pia. Katika mmoja wao, mtoto alikuwa bado analipa miaka mitatu baada ya baba yake kurudi nyumbani akiwa mzima.

Dawa ya hilo ni bima ya safari, inayonunuliwa hapa Nairobi kabla ya kuondoka. Ila isomeni. Nyingi haziwalipii watu maradhi waliyokuwa nayo kabla ya safari, na mama wa miaka 67 mwenye kisukari na presha ana maradhi gani mengine ya kumpeleka hospitali isipokuwa hayo? Tafuta bima inayoyakubali, hata kama ni ghali zaidi, na uyataje yote kwenye fomu. Anayeficha kisukari ili apunguziwe bei amenunua karatasi tupu. Na jambo ambalo wengi hawalijui: baadhi ya kampuni hutaka ugonjwa uwe umetulia kwa muda fulani kabla ya safari. Nikikubadilishia dawa wiki moja kabla ya kupanda ndege, huenda nimekuharibia bima bila kukusudia. Ndiyo maana nasema njoo wiki sita au nane kabla, wakati bado tuna nafasi ya kurekebisha sukari na kuitazama ikitulia.

Baada ya bima, dawa zenyewe. Zibebe kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake za asili, pamoja na barua ya daktari. Katika barua hiyo mimi huandika majina ya kitaalamu, na hata hivyo siishii hapo, kwa sababu Wamarekani wana majina yao. Parasetamoli tuliyoizoea wao huiita asetaminofeni. Salbutamoli ya mwenye pumu ni albuteroli kwao, na glibenklamaidi, tembe ya kisukari wanayoijua wazee wengi wa kwetu, wao huiita gliburaidi. Mama akimwambia mfamasia wa Honolulu kwamba amepoteza glibenklamaidi zake, atajibiwa kwa macho makavu.

Hata sukari hawaihesabu kama sisi. Kipimo chetu husema 7, chao husema 126, na ni sukari ile ile. Zidisha yetu kwa 18 utapata yao. Hebu wazia mkaza mwana aliyetumia kipimo cha dukani kwao akaona 126, mama akasikia, na kwa hofu akameza tembe ya ziada. Sukari ikishuka namna hiyo usiku, hoteli ya nyota ngapi itamsaidia?

Hilo la usiku linanileta kwenye saa. Honolulu iko nyuma ya Nairobi kwa saa 13, mwaka mzima. Huku kukiwa asubuhi saa moja, kule ni saa kumi na mbili jioni ya jana. Safari yenyewe huzidi saa 24 hata kwa njia nyepesi: ndege ya moja kwa moja hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15, kisha kuna nyingine ya saa kama 11. Anayemeza tembe moja ya presha kwa siku hana tabu kubwa. Anayejidunga insulini ana siku iliyorefuka kwa saa 13, na hesabu ya dozi zake haifanywi ndani ya ndege kwa kukisia. Njoo na ratiba ya safari, tukae chini na kalamu. Insulini isiwekwe kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege, maana huko yaweza kuganda ikaharibika. Na miguu itembezwe kila baada ya saa moja au mbili, ili damu isigande kwenye mishipa. Mnene, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kuvimba mguu mmoja kwa damu kuganda, aniambie kabla.

Tumefika ufuoni, na hapa nitasema jambo litakalowaudhi wana wetu walio ng'ambo. Nyanya mara nyingi haalikwi likizo. Anaalikwa kulea. Wenye nyumba huenda kula chakula cha jioni na kutazama maduka, na yeye huachwa mchangani na watoto wa miaka minne na sita. Mwanamke aliyezaliwa Nyeri au Kakamega, ambaye hajawahi kuingia majini kupita vifundo vya miguu, sasa ndiye mlinzi mbele ya bahari ya Pasifiki! Kuzama ndiyo ajali inayoongoza kwa kuua wageni Hawaii. Mkondo wa kurudi baharini humchukua mtu mzima anayeogelea vizuri. Mtoto haupigi hata kelele. Kaeni kwenye ufuo wenye waokoaji, waulizeni hali ya maji kabla ya kuvua viatu, na mtu mzima anayejua kuogelea awe umbali wa mkono kutoka kwa mtoto. Kama mtu huyo hayupo, watoto wajenge ngome za mchanga.

Wazee wenyewe nao hushawishiwa wavae miwani ya maji na mrija wa kupumulia wakaone samaki. Katika vifo vya wageni baharini huko, mchezo huo wa kuelea kimyakimya umo mstari wa mbele. Watafiti wa Hawaii walieleza mwaka wa 2021 kwamba kuvuta hewa kwa nguvu kupitia mrija mwembamba kwaweza kujaza mapafu maji ya mwili wenyewe, na mtu akalegea bila kupiga kelele wala kumeza bahari. Mwenye ugonjwa wa moyo yumo hatarini zaidi, na wanashuku hata uchovu wa safari ndefu ya ndege. Ushauri wangu kwa wenye presha na moyo ni kwamba samaki wanaonekana vizuri kabisa katika nyumba ya maonyesho pale Waikiki.

Konyeza huja kwenye ufuo wa Waikiki kwa kalenda, siku 8 hadi 12 baada ya mwezi mpevu. Tazameni mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Akikuchoma, mwagia siki, kisha maji ya moto unayoweza kuyavumilia. Usisugue mchanga. Mkojo ni hadithi. Maporomoko na vijito vya milimani vinapendeza, lakini mwenye kidonda asiingie, kwa kuwa maji hayo hubeba viini vya leptospirosisi kutoka kwa mkojo wa panya na nguruwe mwitu. Na mboga mbichi zioshwe jani kwa jani. Mwenye pumu akipelekwa kisiwa kingine kutazama volkano ya Kilauea, ambako jeshi lina kambi nyingine ya mapumziko tangu 1916, abebe dawa ya kuvuta, maana moshi wa volkano hauna urafiki na mapafu.

Malaria haiko Hawaii. Mbu wako, na waliwahi kuleta homa ya denge iliyowapata watu zaidi ya 260 katika kisiwa kikubwa mwaka wa 2015 na 2016, lakini malaria inayosambaa huko ni ya ndege wa porini. Kwa sababu hiyo hiyo nina wasiwasi. Mtu akiumwa na mbu Kisumu alipokwenda kuaga jamaa, homa itamwanza Waikiki wiki mbili baadaye, na daktari wa huko atafikiria mafua, kwa kuwa pengine hajaona mgonjwa wa malaria tangu alipokuwa chuoni. Mwana na aseme neno moja kabla ya kuulizwa lolote: "Anatoka Kenya, mpimeni malaria." Homa ya namna hiyo haingojei asubuhi.

Mama yangu wa bahasha alipata bima Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya kampuni mbili kumkataa. Sukari yake imeshuka vizuri bila kubadilishiwa dawa, na barua yake ina majina ya nchi zote mbili. Alipokuja kuichukua, mwanawe alipiga simu. Kule kwake ilikuwa saa tatu usiku, na kwetu saa nne asubuhi ya siku iliyofuata. Akanishukuru, akaniuliza kuhusu bei ya bima, kisha akasema kwamba yeye na mkewe wamepanga kutoka jioni mbili tatu, na kama mama yu mzima basi atakaa na watoto pale pale ufuoni, si hoteli iko karibu?

Sikupata nafasi ya kujibu. Mama aliichukua simu kutoka mkononi mwangu. "Mimi nitakaa kivulini, baba," akamwambia. "Wale watoto wakiwa karibu na maji utawachunga wewe."