Neno Moja, Mkazo Mmoja

Hapa Nakasero tumewasikia walimu wakisoma "mwanafunzi" kwa mikazo miwili, kana kwamba "mwana" na "funzi" ni maneno mbalimbali. Tunakataa! Maneno yakishaungana huwa neno moja, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani "fu". Wengine huligawa "mwanamke" mwa-nam-ke. Huko ni kulivunja neno: "m" hiyo ni silabi kamili, tena ndiyo yenye mkazo, mwa-na-m-ke, mizani nne. Mtoto akifunzwa kuhesabu tatu, shairi lake litaharibika, naye atalaumiwa kwa kosa la mwalimu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima. Basi, walimu wenzetu, tusilazimishe makosa, tujisahihishe kwanza.