Gari Jipya au la Kale: Lipi Bora?

Huku mabwenini hakuna mjadala unaopamba moto kama ule wa magari ya Safari Rally. Wengi husema eti Toyota GR Yaris ndiyo baba lao. Mimi nakataa katakata!

Sisemi kwamba ni gari bovu. Injini yake ni ya lita 1.6 tu lakini ina tabo, na toka 2022 hadi 2024 ilisaidiwa na mota ya umeme. Mwaka 2022 Toyota ilinyakua nafasi zote nne za kwanza kule Naivasha. Tena dereva wake hulindwa vyema kuliko wale wa zamani. Hapo nawapa haki yao.

Lakini wahenga walinena, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwaka 1965 Joginder Singh, makanika wa papa hapa Kenya, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, nduguye Jaswant akimsomea njia. Enzi hizo walikimbia maelfu ya kilomita, usiku na mchana, barabara zikiwa wazi kwa malori na ng'ombe. Siku hizi kilomita za kushindania hazifiki 400, na barabara hufungwa. Jamani, lipi lilijaribiwa zaidi? Sisi wa Kajiado, ambako Safari iliwahi kupita Oltepesi, twajua udongo mweusi unavyonasa hata trekta mvua ikinyesha.

Linaloniuma ni hili. Volvo ile, fundi wa jua kali pale Kitengela angeifungua kwa spana akaielewa. Yaris hutaka kompyuta, na mafundi wake huja na timu kutoka ng'ambo. Mkenya wa mwisho kushinda Safari ya ubingwa wa dunia ni Ian Duncan, 1994. Pesa ni sababu moja, ujuzi ni nyingine. Sisi tumebaki kupiga makofi vumbini!

Maoni yangu ni kwamba shule yetu itafute injini kuukuu, hata ya pikapu, walimu wa fizikia watufundishe kuifungua na kuifunga. Anayeijua kabureta hataiogopa kompyuta. Lakini asiyewahi kushika spana, hiyo Yaris ataitengeneza kwa mdomo?

Ni hayo tu. Anayepinga na ajibu katika toleo lijalo.

Mwanachama, Kidato cha Tatu