Njaa ya Jirani Yako Si Video Yako

Nianze na kosa langu, ndio msiseme nahubiri tu.

Mwaka jana mimi na wasee watano hapa Isebania tulianza kukusanya chakula. Jioni tunapita sokoni, muuzaji anatoa alichonacho: nyanya zimelainika, ndizi zimeiva sana, gorogoro moja ya mahindi. Jumamosi tunagawa. Mimi ndiye nilikuwa na simu poa, kwa hivyo kazi yangu ikawa kurekodi. Nikachukua video ya mama mmoja akipokea unga, mtoto amemshika leso. Nikaweka na muziki wa huzuni. Laiki zilimiminika kuliko kitu chochote nimewahi kuposti.

Jumamosi iliyofuata mama hakuja. Ile nyingine pia hakuja. Tulipomtembelea akatuambia kwa upole: "Asanteni wanangu, lakini huko shuleni mtoto wangu sasa anaitwa Unga."

Nilifuta video usiku huohuo. Ilikuwa imeshasambaa.

Kwa hivyo leo nasema bila kupepesa macho: kama huwezi kumpa mtu chakula bila kumrekodi, hujampa. Umenunua uso wake kwa pakiti ya kilo 2, na umepata bei ya kutupa.

Tena tusidanganyane eti chakula hakuna. Hapa ni mpakani, Sirari iko hapo tu ng'ambo. Malori ya nafaka yanapita mbele yetu kila siku. Jioni soko linamwaga vitu ambavyo vingepikwa usiku huo. Kinachokosekana ni watu wa kutoa chakula pale kinapoozea na kukifikisha pale kinapohitajika. Benki ya chakula ni hiyo tu. Wazo lilianza Phoenix, Marekani, mwaka wa 1967. John van Hengel, aliyekuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini, alikutana na mama anayeokota chakula kwenye mapipa ya supamaketi. Mama akamwambia kungekuwa na mahali kama benki: mwenye ziada anaweka, mwenye shida anatoa. Huku kwetu, Food Banking Kenya ilianza mwaka wa 2017 na inaokoa mazao ya mashambani ambayo yangetupwa.

Sasa angalia kazi yenyewe. Kupima kwa mizani. Kuandika kwenye daftari. Kuchambua mahindi yenye ukungu, maana sumukuvu haina mchezo. Machi 2021 serikali ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo. Kuosha ndoo. Hakuna anayelaiki ndoo ikioshwa, lakini kundi letu limetoka watu sita hadi kumi na tisa kwa kazi hizo. Video yangu ilituletea wafuasi, haikutuletea hata mtu mmoja wa kubeba gunia.

Najua mtaniambia: "Buda, bila picha wafadhili hawatoi." Sawa, basi piga picha. Piga gunia, mizani, stoo ikiwa tupu. Posti ukurasa wa daftari: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, majina yamefichwa. Anayetaka kuona machozi kwanza ndio atoe, huyo anataka sinema.

Na waheshimiwa wanaokuja na fulana zenye sura zao, wanapanga akina nyanya kwenye jua saa tatu wakisubiri kamera: Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Ni haki. Huwezi kumpa mtu haki yake halafu umdai shukrani mbele ya kipaza sauti.

Wasee wa kontenti wenzangu, hata sheria haiko upande wenu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka wa 2023 shule moja Nairobi ilipigwa faini ya zaidi ya milioni 4 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wewe na pakiti yako ya unga utalipa na nini?

Yule mama hajarudi. Siku hizi mmoja wetu humpelekea chakula jioni, giza likiingia, bila simu. Mtoto bado anaitwa Unga.

Jumamosi tuko sokoni saa kumi. Tunahitaji mikono. Simu zibaki mfukoni.