Spika za Sebuleni na Kaseti ya Bibi



Kila nyumba ina uraibu wake. Wako waliopenda kufuga ndege, wako waliopenda kuotesha asumini, na wako waliopenda vyombo vya kauri vya kupambia kabati. Nyumbani kwetu uraibu ulikuwa ni sauti. Kwa zaidi ya miaka thelathini tumekusanya redio, santuri, mashine za kaseti, amplifaya na spika za kila kimo, chache mpya na nyingi za mitumba. Wiki hii tumeona tuwasimulie tuliyojifunza, kwani mengine tuliyalipia kwa fedha, na moja tulililipia kwa kitu kisichorudi.

Funzo la kwanza ni kutohadaika na hesabu ya wati. Tulikuwa na amplifaya ya wati 50, muuzaji mmoja akatushawishi kwamba ya wati 100 ingetupa sauti maradufu. Tukatoa akiba tuliyokuwa tumeiweka ya kupaka nyumba rangi kabla ya Idi. Tulipoiwasha, mtoto wetu mkubwa akauliza, "Mbona ni ileile?" Naye alisema kweli. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kidogo sana. Ili sauti isikike kana kwamba imekua maradufu, huhitajiwa nguvu kiasi cha mara kumi. Tena kisomo, mawaidha na qasida za sebuleni hutumia wati chache tu. Idi ile ilitukuta na kuta zenye madoa na amplifaya inayong'aa, nasi tukaijua maana ya israfu kwa kuiona kwa macho.

Funzo la pili ni kwamba chumba nacho ni chombo cha sauti. Tuliishi Kibokoni katika nyumba ya kale yenye kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti, mikeka chini, mito na mapazia mazito. Sauti ilitulia. Tulipohamia ghorofa jipya Tudor, lenye saruji tupu, vigae na madirisha makubwa ya vioo, spika zilezile zikaanza kupiga kelele. Maneno ya msomaji yakafuatana na mwangwi wake, na sauti nzito ikanguruma pembeni kama lori. Tulidhani zimeharibika njiani, tukakaribia kununua nyingine. Fundi mmoja mzee wa redio alikuja, hakufungua hata skrubu moja. Alisimama katikati ya chumba akapiga kofi, kisha akatwambia, "Sikilizeni." Lile kofi liliendelea kulia baada ya mikono yake kutulia. Akatuamuru tutandike zulia lililokuwa limekunjwa uvunguni, tutundike mapazia, tuzitoe spika pembeni, kwani pembe ya kuta huizidisha sauti nzito, na tuziinue zilingane na masikio ya mtu aliyeketi. Gharama ya siku ile ilikuwa ni chai na mahamri.

Funzo la tatu ni letu sisi watu wa pwani: upepo wa bahari unakula. Chumvi na unyevu huzitia kutu ncha za waya, na mkwaruzo unaosikika mara nyingi hautoki ndani ya mashine, bali pale waya ulipoungwa. Kabla ya kumwita fundi, zima umeme, chomoa waya, kata ncha iliyosawijika, kisha uunge upya. Mashine ya kaseti nayo husafishwa kichwa chake kwa pamba na spiriti. Sauti iliyofifia huweza kurudi mara moja.

Funzo la nne ni haki ya sikio na haki ya jirani. Katika kuwalinda wafanyakazi, desibeli 85 huhesabiwa kuwa ukomo wa saa 8 kwa siku. Na kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi, kila inapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Sikio lililoharibiwa na kelele halina dawa ya kulirudisha. Tunawaona watoto wadogo wakikalishwa mbele ya spika kubwa harusini, nasi tunafurahi kwamba wanacheza. Tuwasogeze. Na nyumbani, ikiwa tunamlazimisha jirani mwenye mgonjwa kusikiliza tunachokipenda sisi, basi hata kikiwa ni chema, tumekitia dosari.

Sasa tufike kwenye kaseti.

Marehemu bibi yetu alikuwa mwenyeji wa Siyu. Mwezi mmoja wa Ramadhani, baada ya futari, tulimwekea mashine ndogo ya kurekodia, naye akatusimulia nasaba ya ukoo: nani alimzaa nani, nani alisafiri na jahazi asirudi, mama wa mama yake alikuwa nani na alizaliwa mtaa gani. Kaseti ilikuwa ya dakika 60, yaani dakika 30 kila upande, naye aliujaza upande mmoja. Tuliandika jina lake juu yake kwa kalamu ya wino, tukaiweka kabatini.

Kila kaseti ina vijipande viwili vya plastiki mgongoni. Ukikivunja cha upande husika, mashine haiwezi tena kurekodi juu ya upande huo. Jambo hilo tulilijua, na tuliwafundisha wengine. Ya bibi hatukuivunja.

Miaka ikapita, bibi akatangulia mbele ya haki. Siku moja tulileta nyumbani mashine ya kaseti bora kuliko zote tulizowahi kumiliki. Kwa pupa ya kuijaribu, tulichukua kaseti iliyokuwa karibu, ambayo wino wake ulikuwa umefutika, tukarekodi taarifa ya habari kutoka redioni. Tulipoirudisha nyuma na kusikiliza, msomaji wa habari alisikika safi kabisa. Alipomaliza, ikafuata sauti ya bibi, katikati ya sentensi.

Dakika kumi na moja zilikuwa zimekwenda. Tulimwuliza ami yetu, tukamwuliza halati aliye Maskati. Kila mmoja alikumbuka kipande, na vipande havikukutana. Jina la mama wa mama yake bibi hatunalo mpaka leo.

Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa mitambo duni kuliko simu zilizo mikononi mwa watoto wetu, na sauti yake ingali inasikika, kwa sababu santuri zile zilipata watunzaji. Sisi tulikuwa na mashine bora, ila kutunza ndiko kulikotushinda.

Basi tunawaomba, kabla ya Ijumaa nyingine, mfungue makabati. Kaseti za wazee zivunjeni vile vijipande leo. Ziwekeni zikiwa zimesimama mahali pakavu, mbali na spika, kwani sumaku ya spika huweza kufuta. Mpeni kijana anayejua kompyuta azihamishe kwa waya, kisha nakala ziwekwe mahali patatu, si ndani ya simu moja peke yake, na kila moja iandikwe jina na tarehe.

Na ambaye bado ana mzee nyumbani, amwombe idhini amrekodi. Zima feni, funga dirisha la barabarani, weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri mbili kutoka kinywani mwake. Kisha muulize majina, na umwache aseme bila kumkatiza.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe watunzaji wa amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.