Daftari la Wiki: "Sorry" ya Pole na "Sorry" ya Samahani

Mgeni kutoka Uingereza anajikwaa kwenye ngazi za ofisi jijini Dar es Salaam, chai yote inamwagikia shati. Karani aliyekaa mezani kwake, hatua kumi kutoka pale, anasema: "Ooh, sorry!" Mgeni anajifuta huku akimtuliza kwamba si kosa lake. Karani anabaki kumtazama. Kwani nani kataja kosa?

Karani katamka Kiingereza, ila alichosema ni Kiswahili. Kwetu kazi zimegawanywa: "pole" ni ya aliyepatwa, "samahani" ni ya aliyekosea, na kosa likiwa zito mtu huomba radhi. Pole haina haja ya mkosaji. Kuna pole na kazi, pole na safari, pole na msiba, na anayepewa hujibu "asante" au "nimeshapoa". Kiingereza kimembebesha punda mmoja mizigo yote miwili.

* * *

Asili ya neno lenyewe ni maumivu. Kiingereza cha kale kilikuwa na "sarig", mwenye kuumia, kutoka shina moja na "sore", yaani kidonda au penye kuuma. Wengi hudhani "sorry" imezaliwa na "sorrow", huzuni. Hapana; yamefanana sura tu, koo ni mbili.

Maumivu hayo hayajafutika. Nyumba iliyochakaa husemwa iko katika "sorry state", na hapo hakuna anayeombwa msamaha. Simu ikikwaruza, "sorry?" ya sauti inayopanda ni "umesemaje?" Anayepenya kwenye treni iliyojaa husema "sorry" akimaanisha "naomba kupita". Mwanafunzi aliyekariri maana moja ya kamusi atapata tabu hata kabla hajafika kituo anachoshukia.

* * *

Mwanaanthropolojia Kate Fox, aliyeandika kitabu "Watching the English", alifanya jaribio la ajabu: alijigonga makusudi kwa watu barabarani na kwenye vituo vya treni Uingereza, akawa anasikiliza. Wengi wa Waingereza waliogongwa ndio waliosema "sorry". Wajapani walimpa shida ya aina nyingine: walikuwa hodari mno wa kukwepa.

* * *

Mawakili huliogopa neno hili. Aliyegonga gari la mwenzake huonywa asilitamke, maana huenda likasomwa kama kukiri. Huko Kanada jambo hili lilifikishwa bungeni. Jimbo la British Columbia lilipitisha sheria ya kuomba radhi mwaka 2006, Ontario ikafuata 2009: daktari au dereva akisema "sorry", kauli hiyo haihesabiwi kuwa amekubali kosa. Kwa maneno mengine, wabunge walikaa na kutunga sheria ili mtu aweze kutoa pole bila kuhukumiwa kwa samahani.

* * *

Aprili 1, 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa Kichina, Wang Wei, alipotea baharini. Wamarekani 24 walitua kisiwani kwa dharura na kuzuiliwa siku 11. Beijing ilitaka iombwe radhi. Washington haikuwa tayari kukiri kosa lolote.

Ufunguo ulikuwa barua ya Aprili 11 yenye "very sorry" mara mbili: moja kwa kifo cha rubani, nyingine kwa ndege kuingia anga ya China na kutua bila kibali cha mdomo. Washington iliisoma barua ile kama pole, Beijing ikaitangaza kama samahani, na wale 24 wakarudi makwao.

* * *

Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliliambia bunge kwamba serikali inasikitika kwa dhati kwa mateso waliyofanyiwa Wakenya wakati wa Mau Mau. Wadai 5,228 walitengewa pauni milioni 19.9, huku serikali ikishikilia kwamba haiwajibiki kisheria. Miaka 10 baadaye, Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles alizungumza Nairobi juu ya huzuni na majuto makubwa. Kuomba radhi hakukuwemo.

Kesho yake, Novemba 1, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mahali ambapo Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906 kwa kupigana Vita vya Maji Maji, na kuomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda mababu wa waliokuwa mbele yake. Mfalme alitoa pole. Rais aliomba msamaha. Kiswahili kinazitenganisha hotuba hizo mbili bila kumwita wakili.

* * *

Kosa la karani lina pacha wake. Vitabu vya maongezi vya watalii hutafsiri "sorry" kuwa "pole", na kuishia hapo. Basi mtalii anapanda daladala, dereva anakanyaga breki, na buti la mtalii linatua juu ya kidole cha mama mwenye kapu la nyanya. "Pole sana, mama," anasema, akijivunia lafudhi yake. Mama anasema asante, anavuta mguu chini ya kapu, kisha anaendelea kumtazama, akisubiri neno la pili.