Gitaa lililokosa sinema
Ukipanda basi la Morogoro kwenda Iringa, ukifika Mikumi dereva hupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, na abiria waliochoka kutazama pundamilia hurudisha macho kwenye runinga. Filamu ni ya Kibongo, mama mkwe analia, na chini ya kilio chake kuna kinanda kile kile cha wiki iliyopita. Mimi hapo humkumbuka Mbaraka Mwinshehe, mtunzi na mpiga gitaa la solo aliyevuma kutoka mkoa huu huu wa Morogoro. Aliingia bendi ya Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Hakuwa mtu wa sinema. Lakini hebu sikiliza "Shida": gitaa linalalamika, linampisha mwimbaji, linarudi na neno lake, kama mwigizaji anayejua kamera iko upande gani. Hata msiba wa Dk. Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971, aliutungia wimbo. Ajali ya gari ilimchukua Mbaraka huko Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu. Leo watayarishaji wetu wa filamu hukodi gari la kifahari kwa ajili ya mhusika kushuka mlangoni mara moja. Mpiga gitaa wa siku mbili studio, eti huyo ndiye anasa.